Sakafu ya Sangara

Siku kipanya cha Mama Justa kinaingia chuoni kwetu Igoma, kimefungwa kamba nyuma ya trekta, nilikuwa nakula andazi. Mpaka leo andazi likikaribia mdomo wangu nasikia harufu ya sangara.

Kilikuwa kibasi cha Kijapani, mtumba, kama vilivyomwagwa nchini miaka ile. Badala ya kubeba abiria, mwenye nacho wa kwanza aling'oa viti akajaza sangara. Miaka mitatu kilipiga safari za mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, na kiwandani, barafu ikiyeyuka njiani, damu na maji ya samaki vikishuka chini ya sakafu na kulala humo humo. Tulipofungua mlango wa nyuma, nzi hawakuruka. Walikuwa wameshiba, walitutazama tu. Akeyo, mwenzangu wa darasa la bodi za magari, msichana wa Shirati aliyelelewa kwa samaki asubuhi na jioni, aligeuka akaenda kutema mate nyuma ya karakana. Nikamwambia asiwatukane ndugu zake. Akanirushia glavu usoni, nayo ilinuka vizuri kuliko lile gari.

Mama Justa alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiseke. Siku zile za soko huria kila mwenye chumba cha ziada alifungua kitu: duka, baa, kanisa. Yeye alifungua shule ya chekechea. Alikinunua kile kipanya ili kiwe kinawakusanya watoto asubuhi. Viti vingekuja baadaye kutoka kwa seremala. Kwetu alitaka milango ifunge, sakafu iwe nzima, na rangi ya njano.

Chuo kilipokea kwa sababu kilikuwa hakina jinsi. Serikali ilishaacha kuleta mabati na gesi, tukaambiwa tujitegemee, kwa hiyo tulijifunzia magari ya watu. Mwalimu Venant, mkuu wa darasa la bodi, akapiga ndege wawili kwa jiwe moja: kipanya ndicho kingekuwa mtihani wetu wa daraja la tatu. Akeyo apewe milango na ubavu. Mimi, sakafu.

Hapo lazima niseme hali yangu. Mwaka uliotangulia nilifeli. Tulipewa vipande viwili vya bati jembamba tuvichomelee, nami nikavitoboa kila niliposhika moto wa gesi. Msimamizi alikiinua kipande changu juani akauliza kama nyumbani kwetu wanahitaji chujio la chai. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: ukifeli mara mbili unafunga sanduku. Na kwetu Kisesa, baba alikuwa ameshatangaza kwenye foleni ya kuuza pamba kwamba Nkwabi wake sasa ni fundi wa magari, wa cheti. Nikifeli tena, ningerudi kupalilia hiyo pamba huku foleni nzima ikinisalimia kwa cheo.

Ila nilikuwa na kipaji kimoja, nacho ni pati. Ni ule uji mzito unaochanganywa na dawa ya kugandisha, unapakwa penye bonde, ukikauka unapiga msasa. Pati yangu ilikuwa laini kama shavu la mtoto wa padri. Wenzangu waliniita Mpishi, na jina hilo sikulikataa.

Nikaanza sakafu. Nilipovuta mpira uliokuwa umetandikwa, haukutoka kama mpira, ulitoka kama ngozi ya kidonda. Chini yake palikuwa na magamba, utando wa kijani, na rojo la kahawia lililokuwa linajongea. Nikainama kuona linajongeaje. Funza. Weupe, wanene, wenye afya kuliko mwanafunzi yeyote wa bweni. Nikashika bisibisi, nikagusa bati penyewe. Sikusukuma. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, na kutoka tunduni kikatoka kitu ambacho kwa heshima ya msomaji nitakiita maji. Nilitapika ndani ya kinyago changu cha kujikinga na vumbi, nikajua pia kwamba kinyago kinafanya kazi pande zote mbili.

Nikamfuata Mwalimu, nikamweleza kwamba ile sakafu imekufa, ikatwe yote na kuwekwa bati jipya. Mwalimu Venant hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miezi minne hajaona mshahara, na koti lake la kazi lilishonwa kwa waya wa kuchomelea. Akasema bati hakuna, gesi ni ya kupima kwa kijiko, na mtihani ni Ijumaa. Kisha akanivuta pembeni.

"Nkwabi, kuchomelea hujui. Ukikata utafeli. Ukiziba utafaulu. Mimi sikulazimishi."

Akaondoka huku anapiga mluzi wa wimbo wa kwaya.

Kuziba kulimaanisha hivi: unashindilia maboksi kwenye mashimo, unatandika kitambaa cha nyuzi za kioo, pati juu yake, rangi nyeusi, halafu, mtihani ukiisha, mpira mpya. Kazi ikikamilika, hata mwenye macho ya tai haoni. Akeyo aliponiona nakusanya maboksi aliacha mlango wake akaja. Akasema nyuma ya stoo kuna tangi la maji la zamani, bati lake bado zima, na yeye yuko tayari kunifundisha moto jioni kwa jioni mpaka mkono utulie. Nikamwambia mkono wangu umetulia, kinachotetemeka ni bati.

"Watoto watakaa juu ya nini?" akauliza.

"Juu ya viti."

Mzaha ule niliuona mzuri sana wakati unatoka. Akeyo aliniangalia kama nilivyoliangalia lile rojo, akarudi kwenye mlango wake. Siku mbili hakunisemesha.

Nikaziba. Sikusafisha chini, nilikwangua juu juu tu, mengine nikayazika yangali hai. Kuna funza mmoja alijitokeza kwenye pati mbichi, akainua kichwa kama mtu anayeuliza kulikoni, nikampitishia kibao cha kupakia. Jioni hiyo bwaloni kulikuwa na dagaa. Nilikaa benchi langu peke yangu. Wenzangu walihamia dirishani, na aliyekuwa anagawa ugali alinirushia sahani kutoka mbali kama anamlisha mbwa mkali.

Likabaki tatizo moja, na lilikuwa na jina: Bwana Masele, msimamizi wa mtihani, yule yule wa chujio la chai. Alijulikana kanda nzima kwa sumaku yake, aliyoing'oa kwenye spika ya redio na kuifunga kwa uzi mrefu. Anaishusha kwenye bodi ya gari. Ikigusa chuma inang'ang'ania, ikigusa pati inaanguka, nawe unaanguka nayo. Siku nzima nilijikuna kichwa. Halafu nikatazama chini ya grenda, pale linapomwagika lile vumbi jeusi la chuma. Nikalizoa. Nikalichekecha kwa chujio la chai, nadhani kwa kulipiza kisasi, nikalikanda ndani ya pati ya juu. Ilipokauka nikajaribu kwa sumaku ya redio ya bweni. Ikashika. Si kwa nguvu, lakini ikashika.

Sikuweza kukaa na raha hiyo peke yangu, nikamwonyesha Mwalimu Venant. Akaitazama ile sumaku imesimama juu ya boksi lililopakwa rangi. Akanitazama mimi, kama baba aliyemfuma mwanawe anavuta sigara na kugundua anaivuta kwa ustadi. Siku ile hakupiga mluzi.

Ijumaa jua lilikuwa kali, na kipanya kilikuwa kimesimama uwanjani tangu asubuhi. Nje kilimeta, njano tupu. Ndani kilikuwa kinapika. Bwana Masele akaanza na milango ya Akeyo: akafungua, akafunga, akagonga kwa kifundo cha kidole, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Amefaulu. Akaja kwenye sakafu. Alipofika mlangoni akasimama, akatoa leso, akaziba pua. Hapo ndipo uvundo ulipogeuka rafiki yangu. Mtu mzima yule, aliyekuwa anatambaa chini ya malori ya watu, hakupanda. Aliinama tu kwa nje, akatupa sumaku yake kwa uzi kama mvuvi, pembe hii, pembe ile. Ikashika. Ikashika. Akaandika haraka, maana alitaka kuondoka, na kwa jicho la pembeni nikalisoma: Amefaulu. Nikawa fundi, wa cheti.

Ndipo Mama Justa akaingia getini akiwa amemshika mkono mjukuu wake, Princess, mtoto wa miaka mitano, gauni la sare ya njano na soksi nyeupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, mikono yako ibarikiwe. Akamwambia Princess apande aone gari la shule yao. Mtoto akapanda. Akasimama juu ya nundu ya tairi, ambako bati lilikuwa zima, akaminya pua kwa vidole viwili, akakunja magoti kama watoto wanavyofanya wakitaka kuruka.

Mimi ndiye niliyejua kilichokuwa chini yake: rangi, pati ya unene wa kidole, boksi la sabuni, halafu hewa. Ningeweza kumshusha tu nikasema rangi mbichi. Ningebaki na ufaulu wangu wa Ijumaa. Lakini Jumatatu angepanda tena, na wenzake ishirini, na gari likitembea.

"Ngoja, mdogo wangu," nikasema. "Fundi huanza."

Nikapanda, nikaruka kwa miguu yote miwili.

Sakafu ililia kama kibuyu kinachopasuka. Mguu wa kulia ulipita hadi kwenye paja, na kilichokuwa kimezikwa humo wiki nzima, kikichemshwa na jua, kikapanda juu kupitia suruali yangu. Kilikuwa cha moto. Nilisikia soksi inajaa na vilivyojaa humo vinatembea. Mama Justa alimnyakua mjukuu wake. Mwalimu Venant aligeukia upande wa ziwa kama mtu anayesubiri meli.

Bwana Masele sasa alipanda, bila leso. Akaokota kipande cha pati, akakigeuza, akaona kinavyometameta, akakigusisha sumaku. Ikashika. Akakaa nacho mkononi muda mrefu huku mimi nimesimama kwa mguu mmoja, mwingine ukiwa umening'inia chini ya gari.

"Akili hii ni ya nani?"

"Yangu," nikasema. Na ni kweli, hiyo ilikuwa yangu.

"Miaka ishirini hakuna aliyeidanganya sumaku yangu. Kichwa chako kingepata mikono, tungekula wote." Akafungua daftari, akakata neno alilokuwa ameandika, mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika jingine, na hilo sikuhitaji kulisoma.

Mama Justa hakufoka. Alimuuliza Mwalimu Venant jambo moja tu, kama ana wajukuu. Kabla ya saa kumi tulimwona Mwalimu anatoka nyuma ya stoo amebeba ubavu wa lile tangi kichwani, koti limechanika kwapani, na hakuomba msaada.

Sanduku langu lilipaswa kufungwa Jumamosi. Sikulifunga. Mimi na Akeyo tuliikata ile sakafu yote, tukazoa uozo kwa beleshi, tukamwaga maji ya moto na sabuni ya magadi. Nilitapika mara tatu. Akeyo mara moja, akanionya nisimwambie mtu wa Shirati. Kisha akanipa moto. Alisimama nyuma yangu akisema polepole, polepole, wewe Mpishi, hiki si chapati. Nilitoboa mara nne, nikaziba kwa chuma, nikaendelea. Mshono wangu ulikuwa kama mavi ya mbuzi yaliyopangwa foleni. Akeyo akaupiga nyundo kwa nguvu zake zote. Haukuachia.

Jumatatu Mama Justa akamleta Princess tena. Mtoto akasimama juu ya nundu, akaniangalia kwanza. Nikamwambia ruka. Akaruka mara tatu, na bati likajibu kama ngoma, likabaki mahali pake. Bibi yake akamuuliza kama gari bado linanuka. Akainama, akanusa sakafu, akanusa mlango. Halafu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na sanduku langu la kwenda Kisesa, nimeoga mara sita kwa sabuni na mara mbili kwa petroli.

Akaminya pua kwa vidole viwili. "Gari halinuki, bibi. Ni huyu kaka."