Kobe wa Marcel

Mama mkwe wangu, Odile, alikuwa amepiga magoti kando ya bwawa nyuma ya nyumba, mikono imezama hadi viwikoni katika maji ya Januari, akipapasa tope kuwatafuta kobe wanne wa majini wa marehemu mwanawe.

“Waache, mama. Wamelala mpaka baridi iishe.”

“Wamelala?” Hakugeuka. “Na Marcel wangu ulisema amelala.”

Ni kweli nilisema hivyo, asubuhi ile ya Oktoba. Nikafunga mlango taratibu nisimwamshe, nikaenda kazini; kumbe mume wangu alikuwa amekwisha kufa.

Akamwopoa yule mkubwa, baridi na mzito kama jiwe, akamtia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu jikoni. Siku mbili alimsemesha Kifaransa chao cha Louisiana. Kobe akafumbua macho, akakataa kula. Siku ya tatu nikamrudisha bwawani mwenyewe, nikimpiga Odile kikumbo mlangoni. Wiki iliyofuata kobe akaelea, amekufa.

Nilingoja Jumapili, ukoo mzima uko mezani, mchuzi wa kamba unafuka.

“Mmesikia? Mama kaua kobe wa Marcel. Baridi yetu hii si ya kuua. Angemwacha topeni, angeamka mwenyewe.”

“Renella, basi,” alisema wifi yangu, Clothilde.

“Basi nini? Si kanianza yeye?”

Odile akaweka kijiko chini. Jioni hiyo alihamia kwa Clothilde.

Machi kobe wawili walitoka kuota jua gogoni. Wa tatu nilimkuta chini, ameoza. Huyu hakuguswa na mtu. Nikaenda kwa mzee muuza chambo, aliyemfundisha Marcel ufugaji.

“Uliwalisha lini mara ya mwisho?” akauliza.

Krismasi. Joto lilikuwa limezuka kama la Aprili, wakapanda juu, shingo nje, kama walivyokuwa wakimpokea Marcel. Niliwapa vichwa vya kamba. Wawili wakawahi, yule mkubwa na huyu aliyeoza, wakala vyote.

“Baridi ikirudi, chakula huwaozea tumboni,” akasema.

Nilimzika yule kobe, nikafunga mdomo. Mwaka wa pili Odile akafariki. Baada ya mazishi Clothilde alinimiminia kahawa.

“Unajua, tangu Jumapili ile mama hakushika tena mnyama. Paka wangu akimrukia mapajani, alikuwa anainua mikono juu, hivi, mpaka nije nimtoe.”

“Pole, wifi,” nikasema, nikaomba sukari.