Kitasa Aupima Mchezo wa Majoka

Fundi mmoja wa vitasa, ambaye kazi ilikwishamla jina watu wakawa wanamwita Kitasa tu, aliletewa mchezo wa video na bintiye Jumatatu asubuhi, akaupokea kama mtu anavyopokea jipu.

"Wiki moja tu, baba," alisema binti, amepiga magoti nyuma ya runinga akichomeka nyaya. "Ukikufaa, unabaki nao hapa nyumbani, karakana unaniachia. Usipokufaa, Jumatatu ijayo rudi kwenye kiti chako, na mimi sisemi neno tena."

"Hata neno moja?"

"Hata nusu."

Kitasa alikubali papo hapo. Hukumu alikuwa nayo tayari. Kilichobaki ni kuisubiri wiki iishe aisome. Yeye aache karakana aliyoijenga kwa mikono yake, akae sebuleni kupigana na majoka? Si angefunzwa kufuma vitambaa, basi!

Tatizo lilikuwa hiyo mikono yenyewe. Mwezi uliopita alikuwa kwenye mlango wa zahanati, mikono ikaanza ile tabia yake ya kutetemeka, ufunguo ukakatikia ndani. Wagonjwa walikaa nje saa nzima. Kitasa akatangaza kwamba siku hizi chuma ni kibovu. Binti hakubisha. Alichuchumaa, akatoa kile kipande kwa koleo ndogo, akafungua mlango, akafuta mikono. Huo ukimya ndio uliomuuma mzee kuliko matusi. Miaka tisa alikuwa amemfundisha, na katika miaka hiyo hajawahi kumwita fundi. Wateja ndio waliomwita Fundi Mdogo, na kila walipomwita hivyo Kitasa alipatwa na kikohozi.

Basi akaketi, akashika pedi ya kuchezea yenye vitufe, akaanza kuutafutia mchezo makosa. Hakuhangaika sana.

Mchezo ulianza kwa mzee mwenye ndevu za kufagilia kumwambia kwamba yeye ndiye Mteule, atakayeiokoa dunia.

"Mteule kwa kikao kipi?" Kitasa aliuliza runinga. "Nani alikuwepo? Hunijui, hujaniona nikifanya kazi, unanikabidhi dunia!"

Kisha huo uonaji. Katika mchezo huu unatazama kwa macho ya shujaa, kwa hiyo shujaa mwenyewe humwoni. Ukiinamisha kichwa hakuna tumbo wala miguu. Ni mikono miwili tu inaelea mbele yako, kama ya mtu anayesubiri kupakatishwa mtoto. Kitasa aligeuka kushoto kwa kasi, ukuta ukamjia, sebule ikazunguka, akashika kochi.

"Umelewa?" aliuliza mkewe, aliyekuwa akipiga pasi mezani.

"Nimegeuka kushoto."

"Mungu akusaidie siku ukigeuka kulia."

Akafika kijijini, akatafuta kitufe cha kupigia hodi. Alivibonyeza vyote. Kimoja kilimfanya aruke, kingine kikamfanya amchomolee upanga mwuza mboga. Cha hodi hakikuwapo.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Joka wamelichora gamba kwa gamba, lakini binadamu kubisha hodi wameshindwa! Watu wanaingia tu majumbani mwa watu, wanachukua mikate. Hao ndio waokozi wa dunia."

Katika nyumba moja kulikuwa na sanduku lililofungwa. Maandishi yalimwalika afungue. Kitasa alisimama mbele yake, akaweka pedi mapajani, akamimina chai.

"Sasa unafanya nini?" mkewe aliuliza baada ya dakika ishirini.

"Namsubiri mwenye sanduku. Miaka arobaini sijagusa kufuli la mtu mwenyewe hayupo."

"Baba wee, huyo ni wa kuchorwa!"

"Na aje akiwa amechorwa."

Hakuja. Ndivyo Mteule alivyoingia Jumatano akiwa hana kofia ya chuma wala ngao, amevaa gunia, ilhali dunia nzima inamtegemea.

Jumatano hiyo aliingia pangoni, akakuta sanduku na pembeni yake mifupa ya mtu imekaa imeegemea ukuta.

"Afadhali," alisema. "Mwenyewe yupo."

Akapiga magoti. Kwenye kioo cha runinga ile mikono ikatoa waya mwembamba, ikauingiza kwenye kufuli. Kitasa alicheka hadi mkewe akaacha pasi. Kufuli lenyewe lilikuwa aibu tupu: linazunguka kabla pini hazijapanda, halina springi, mtoto angelifungua kwa kijiko. Alilifungua. Mbele kidogo kulikuwa na mifupa mingine na masanduku mengine mawili. Alipofungua la tatu, tarumbeta zikalia na maandishi ya dhahabu yakajaa kioo: UMEKUWA BINGWA WA VITASA.

Kitasa alisimama.

"Matatu!" alifoka. "Makufuli matatu, tena ya kijinga, ubingwa! Mimi nilishika tupa miaka minne kabla ya kuruhusiwa kumgusia mteja komeo la choo! Nani aliwaomba vyeo hapa?"

Alikuwa ameinua kidole azime runinga kabisa, ndipo alipoiona. Ile mikono kwenye kioo bado ilikuwa imeshika waya. Haikutikisika. Pedi mikononi mwake ilikuwa ikitetemeka kama chupa juu ya mashine ya kusaga, lakini kule ndani waya ulikuwa umetulia tuli. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa chuki, kama mtu anayemtazama jirani aliyevaa koti lake.

Kisha akaenda kutafuta sanduku la nne.

Jumamosi mchana, wiki ya kazi ilipoisha, binti alikuja kuchukua jibu. Kitasa alimpokea na karatasi yenye makosa ishirini na tatu, akayasoma yote, akianzia bawaba zilizofungwa upande usio sahihi.

"Kwa hiyo umeucheza kidogo tu?" binti aliuliza.

"Kidogo. Saa mbili, tatu. Nikaona upuuzi."

Binti alichukua pedi, akabonyeza, akasoma kilichoandikwa kwenye kioo. "Muda uliochezwa: saa thelathini na nne."

Mama mtu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Hata saa yao ni mbovu," alisema Kitasa. "Ongeza hilo, la ishirini na nne."

"Haya, baba. Haukufai." Sauti ya binti ilishuka. "Nilitoa neno langu. Jumatatu njoo, kiti chako kipo."

Kitasa alikuwa amejiandaa kubishana. Kushinda hakukuwa kwenye mpango wake. Alikiona kile kiti akilini, akaona mlango wa zahanati na watu wamejipanga nje.

"Kile kitasa cha zahanati," alisema. "Chuma hakikuwa kibovu."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza, tena kwa kelele." Akaikunja karatasi ya makosa. "Mle ndani wanampa mtu ubingwa kwa makufuli matatu. Wewe umefungua mangapi?"

"Sijui. Nani anahesabu?"

Simu ya karakana ikalia mfukoni mwa binti. Akaiweka sauti ya juu. Mwanamke alikuwa amejifungia nje, sufuria iko motoni.

"Nani huyo, ni yule binti?" mwanamke alipaza sauti. "Hapana, mimi namtaka mzee mwenyewe! Yupo?"

Binti alimtazama baba yake, akampa simu. Kitasa aliipokea kwa mikono miwili, maana mmoja usingeiweza.

"Mama, mzee hafanyi kazi tena," alisema. "Ana shughuli na wapuuzi fulani waliotengeneza milango bila akili. Umesema mtaa gani?... Sawa. Usiguse kitu hapo mlangoni. Fundi anavaa viatu."

Binti hakuwa amevua viatu. Akainama akavifunga kamba upya, pole pole, uso ukitazama chini.

"Sufuria iko motoni!" baba alimkemea. "Unangoja tarumbeta?"