Kuba Lililopakwa Lami

Mkaguzi wa majengo ya kale, Odile Stassart, alifunga faili lake. "Kuta zimepigwa plasta upya, dari ni ya juzi tu, ramani hakuna. Sioni cha kuhifadhi."

"Si nilikwambia, madamu? Banda la bia tu hili," alisema Vandercam, mmiliki mpya wa jengo. Nje, wavunjaji walishaegesha mashine zao. Kibali chao kilianza saa sita mchana, na sasa ilikuwa saa tano na nusu.

Godelieve, aliyehudumia meza katika mkahawa ule kwa miaka thelathini na mmoja, alitua sinia. "Juu ya hiyo dari kuna kuba la vioo."

Baba yake alikuwa mhudumu palepale. Vita vilipofika Brussels, ndiye aliyepandishwa ngazi na ndoo ya lami kulipaka kuba kwa ndani, ndege zisione taa. Vita vilipokwisha, tajiri wa wakati ule hakutaka tabu ya kuisugua. Akagongomea dari ya mbao nyepesi chini ya kuba. Kutoka nje lilionekana paa jeusi tu. Godelieve alihadithiwa tu; kuona hakuwahi.

Vandercam alicheka. "Mama, peleka bia. Usanifu waachie wenyewe."

"Bia nitapeleka nikishuka."

Alipanda ngazi ya jikoni, Odile nyuma yake na tochi. Juu kulikuwa giza na vumbi la kukaba koo. Odile alibaki kwenye mlango wa dari akimmulikia. Godelieve alitambaa juu ya boriti, kisu cha kufungulia chupa mkononi. Alipofika katikati, goti liliteleza. Mguu ukatoboa dari, ukaning'inia ukumbini.

"Wee! Dari yangu!" Vandercam alipiga kelele chini.

"Si unataka kuivunja?" Odile alimjibu, kisha akanong'ona, "Rudi, dada. Utakufa bure."

Damu ilimchuruzika Godelieve kwenye muundi. Alijivuta, akakumbatia boriti, akanyoosha mkono juu, akakwangua. Lami tupu. Akakwangua tena, machozi yakimtoka. Labda baba alitia chumvi tu. Saa ya kanisa ikagonga saa sita kasorobo.

Ndipo kipande cha lami kikabanduka, na mwale wa jua wa kijani ukamwangukia usoni. Akazidi kukwangua. Likatokea jani, kisha mtambazi mwembamba wa mihopi, mmea unaotiwa kwenye bia, kila jani limekatwa kwa kipande chake cha kioo na kuzungushiwa ukanda wa madini ya risasi.

"Usiguse tena," Odile alisema. "Usije ukavunja."

Saa sita kasoro dakika nne Odile alimkabidhi Vandercam karatasi ya zuio la kubomoa.

Jengo la nyuma, bia ilikopikwa zamani, halikupona; zuio halikulihusu, na likavunjwa wiki ileile. Kuba lilisuguliwa kwa miaka miwili. Godelieve alibaki akichechemea, hakubeba sinia tena. Siku ya ufunguzi walimwekea kiti katikati ya ukumbi. Aliinua uso, akakaa hivyo mpaka shingo ikamuuma.