Matairi Yenye Nywele

Ukoo wa mume wangu haununui kitu bila kikao. Tulipotaka jokofu walikaa watu wazima watano, wakabishana kutwa nzima, na jokofu walilolichagua halikupita mlangoni. Ikabidi fundi aje kubomoa fremu. Unadhani kuna aliyeona aibu? Walisema mlango ndio uliokuwa mwembamba.

Kwa hiyo matairi ya gari letu yalipoisha, nilijua nini kinakuja.

Gari lenyewe ni lile refu la familia, viti saba, bodi juu. Mimi ndiye ninayeliendesha kupeleka watoto shule na kwenda kazini. Mume wangu huliendesha mwisho wa juma na kulisifia siku zilizobaki. Matairi yalikuwa yamekwisha kabisa, vipara vitupu. Kwa safari za mjini ningevumilia mwezi mmoja zaidi, lakini mama yangu alikuwa amepata nafasi ya kupasuliwa macho.

Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Mlango alikuwa anaupata kwa kupapasa, na watu aliwajua kwa sauti. Daktari bingwa wa macho huja katika hospitali yetu mara moja kwa mwaka, wiki moja tu, kisha anaondoka. Mama alikuwa amesubiri zamu yake mwaka na miezi minne. Tuliambiwa waziwazi kwamba jicho la kulia halina mwaka mwingine wa kusubiri. Akikosa safari hii, hilo limekwenda. Anaishi mwendo wa saa nne kutoka kwetu, barabara ya lami yenye jua la kuchoma na malori yasiyojua kupisha. Mume wangu angemfuata Jumatano ya wiki iliyofuata, na Alhamisi asubuhi mama angelala kwenye meza ya daktari.

"Nataka matairi mazuri," nikamwambia. "Sisemi ya kupendeza. Nasema mazuri."

"Mama watoto, hilo niachie mimi," akasema. "Nitamwita Injinia."

Injinia ni kaka yake mkubwa. Uinjinia hajawahi kuusomea hata siku moja; alikuwa karani wa posta mpaka akastaafu. Jina hilo alilipata siku alipotengeneza pasi ya mama yao. Pasi ilifanya kazi siku tatu, ya nne ikaunguza pazia, lakini jina likabaki. Mdomo ni mali yake, na ule ukoo wote unaishi kwa mali hiyo.

Walikaa sebuleni kwangu Jumatatu jioni, yeye, mume wangu na wadogo zao wawili ambao kazi yao ni kutikisa vichwa. Injinia alikunja mguu akaanza somo.

"Tairi jipya utalijua kwa nywele," akasema. Alikuwa anazungumzia vile vijiuzi vyembamba vya mpira vinavyochomoza kwenye tairi. "Ukiziona nywele, jua hilo halijakanyaga barabara. Usipoziona, umeuziwa mtumba."

"Umeona?" mume wangu akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikibisha.

"Na liwe pana, lenye meno makubwa. Gari liwe na kifua."

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji yangu ana kipara tangu nimjue, na jioni ile alikuwa akizitafuta kwenye tairi. Nilikusanya vikombe nikaenda jikoni kabla sijasema jambo la kuitishiwa kikao kingine.

Mimi ni mtunza stoo ya dawa hospitalini. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nasoma tarehe kwenye chupa, kwenye maboksi, kwenye vibandiko vidogo ambavyo daktari hana muda navyo. Niliwahi kumrudisha daktari mzima mlangoni na chupa iliyopitwa na siku tatu, na aliporudi kunigombeza nikamrudisha tena. Dereva wa gari letu la wagonjwa, ambaye huchukua gundi na plasta kwangu, ndiye aliyenifundisha kwamba matairi nayo yana tarehe. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala dukani bila kuguswa. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kifremu kidogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kusoma kwake hakuhitaji uinjinia.

Jumanne tukaenda dukani. Matairi yalipangwa mpaka darini, na ukutani ilining'inia kalenda ya miaka mitatu iliyopita. Mwenye duka alikuwa amevaa shati jeupe lisiloonyesha kama liliwahi kugusa tairi.

"Mama, kaa hapa kwenye kiti, usije ukachafuka," akaniambia. Kiti chenyewe kilikuwa kichafu kuliko sakafu.

Kisha akampima Injinia kwa jicho moja na kumwelewa mara moja. Alimsikiliza akieleza habari za nywele na meno, akashika kidevu, akasema, "Mzee, wateja wanaojua vitu kama wewe siku hizi hawapatikani." Akamvika kilemba cha ukoka hapohapo, na Injinia akakipokea kwa mikono miwili. Yakatolewa matairi manne kutoka nyuma kabisa, chini ya turubai. Yalikuwa yamepauka. Mwenye duka akayapitishia kitambaa chenye mafuta ya kung'arisha, yakawaka, na nywele zikaonekana, ndefu, zimesimama.

"Haya sasa!" akasema Injinia, akizivuta moja moja.

"Yametengenezwa lini?" nikauliza.

Injinia akaangua kicheko.

"Shemeji, tairi si mkate. Halioti ukungu."

Mwenye duka akacheka. Mume wangu naye akacheka. Na alicheka huku akimtazama kaka yake, kuhakikisha kwamba amecheka vya kutosha. Hapo ndipo aliponiudhi. Miaka kumi na minne ya ndoa, na bado anaomba ruhusa ya kucheka.

Fundi alipokuwa akiyafunga nilisogea, nikainama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikasoma. Wiki ya thelathini na moja, miaka minane iliyopita. Wakati huo mtoto wetu wa mwisho alikuwa hajazaliwa, na sasa anasoma darasa la pili. Nikazunguka gari lote. Manne yote yalikuwa ndugu wa siku moja. Katikati ya yale meno makubwa, chini ya mng'aro, kulikuwa na nyufa nyembamba ambazo mwenye kutaka kuziona angeziona.

Nilifungua mdomo. Mume wangu alikuwa amesimama na kaka yake, wote wameshika viuno, wakilitazama gari kwa fahari kama waliolizaa. Nikaufunga. Nikasema moyoni, mwenye macho haambiwi tazama.

Hapana, ngoja niseme ukweli. Nilifunga mdomo kwa sababu dukani mashahidi hawakutosha. Jumapili tulikuwa na chakula cha mchana kwa mama mkwe, ukoo mzima, na wifi zangu wote. Nilitaka nimwambie Injinia avae miwani na kuisoma ile namba kwa sauti, mbele yao, halafu niieleze taratibu, kama ninavyomweleza mwanafunzi wa uuguzi. Nilitaka mume wangu awepo na asijue acheke au asicheke. Jumatatu tungerudisha matairi, Jumanne tungefunga mengine, Jumatano aende kwa mama. Nilihesabu siku na hesabu ikakubali.

Wiki ile nilifurahi, sifichi. Niliwapeleka watoto shule kwa mwendo wa kobe, nikirudia maneno yangu kwenye kila taa nyekundu. Mume wangu kila akirudi kutoka kazini alisimama nje akiyapiga matairi kwa ncha ya kiatu.

"Mama atalala njia nzima kama mtoto mchanga," akaniambia Ijumaa.

"Hakika," nikasema.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuhesabu stoo. Siku hiyo simu zote hukaa kwenye droo ya msimamizi, tusije tukapotea katikati ya hesabu. Nilipotoka saa saba mchana nikakuta jumbe mbili. Wa kwanza ulisema: "Nimeona nimfuate mama leoleo, apate siku za kupumzika kabla ya upasuaji. Sikutaka kukusumbua, najua una kazi." Wa pili ulisema: "Tumefika salama mimi na gari letu. Tunaanza kurudi saa nane."

Nikakaa kwenye ngazi. Mpumbavu yule alikuwa amefanya wema. Hakuitisha kikao, hakumuuliza kaka yake. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameamua jambo kwa kichwa chake mwenyewe, na lilikuwa jambo jema.

Nikampigia. Akapokea upesi. Nyuma yake nilimsikia mama akiuliza kama nimekula.

"Gari linateleza kama maji," akasema mume wangu. "Mama ameshafunga mzigo wake. Amevaa kabisa, tangu asubuhi."

Nilikuwa na la kusema: usiondoke, matairi ni mazee, tafuta mengine hukohuko. Maneno machache tu. Lakini nyuma ya maneno hayo lilikuwepo swali lake, nalo nililisikia kabla hajaliuliza. Umejua lini? Ningemjibu Jumanne. Angenyamaza, na mama angekuwa pembeni yake anasikiliza ule unyamavu.

"Endesha taratibu," nikasema. "Jua kali."

"Unaniogopea, mama watoto?" Akacheka, na nikasikia kwamba amefurahi. "Usijali."

Nikarudi stoo nikajiambia, yamefika, basi yatarudi.

Saa kumi kasoro, katikati ya njia, tairi la nyuma la kushoto lilichunika ngozi yote kwa mara moja. Gari likayumba, likagonga nguzo ya saruji ya pembeni, likalala ubavu mtaroni. Dereva wa lori, mmoja wa wale ambao nimekuwa nikiwatukana kwa kutokujua kupisha, alisimama akavunja kioo na kuwatoa. Gari la wagonjwa lililowaleta lilikuwa la hospitali yetu. Dereva wetu alinikuta getini, akanishika bega.

"Pole sana, mama. Nimeyatazama yale matairi. Yana miaka minane. Nani aliwafanyia ukatili huu?"

"Wamelazwa wodi gani?" nikamuuliza.

Mama alikuwa amevunjika bega na mbavu mbili. Daktari wa mifupa alisema hawezi kulazwa kwenye meza ya upasuaji wa macho kabla ya wiki sita. Daktari bingwa wa macho alikuwa anaondoka Ijumaa. Hakuna aliyelitaja jicho la kulia, kwa sababu hakukuwa na haja.

Nilipoingia wodini, mume wangu alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, bandeji kwenye paji la uso, shati limeganda damu. Injinia alisimama miguuni pa kitanda amekumbatia chupa ya chai. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na maoni.

"Mama, ni mimi," mume wangu alikuwa anasema. "Mimi ndiye niliyeyachagua. Mwanao aliuliza yametengenezwa lini, nikamcheka. Mbele ya watu, mama, nikamcheka."

Alikuwa analia bila kujificha. Kwa miaka mingi niliudharau mdomo wa mume wangu, na hapo ulikuwa unasema ukweli ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuusema mimi.

Mama alimtafuta kwa mkono wake mzima, akapata sikio, kisha bandeji, akaishika polepole.

"Hukujua, mwanangu," akasema. "Mtu halaumiwi kwa jambo asilolijua."

Mume wangu akanigeukia. "Na wewe nisamehe. Ningekusikiliza, mama angeona."

"Na mimi, shemeji," akasema Injinia kwa sauti ndogo, macho yake kwenye ile chupa.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuka kututazama, na muuguzi naye alikuwa amesimama na trei yake. Ndicho hasa nilichokiandaa kwa Jumapili: wote wawili, vichwa chini, mbele ya watu. Nilikuwa nimekipata siku moja mapema.

Mama aligeuza uso upande niliosimama, akangoja kusikia sauti yangu.

"Nimewasamehe," nikasema.