Chumvi Ndani ya Bahasha ya Benki

Kitanda kimoja, wanawake wawili, na hawajawahi kuonana. Usishangae, hiyo ndiyo Al Nahda, Dubai. Rispah alikuwa askari wa mlangoni katika duka kubwa, shifti ya mchana. Phyllis alilinda ghala kule Jebel Ali, shifti ya usiku. Rispah akitoka asubuhi, Phyllis bado yuko njiani anarudi. Rispah akiingia saa mbili usiku, Phyllis ameshaondoka zamani, na shuka imekunjwa vizuri. Caren, Mkenya mwenzao aliyepanga ile nyumba na kuikodisha kitanda kwa kitanda, alipenda kujisifu kwamba hao ndio wapangaji wake bora, hawajawahi kugombana hata siku moja. Wagombane vipi, na hawajuani hata kwa sura?

Walichokuwa nacho ni bahasha.

Dubai barua hailetwi mlangoni, inakwenda kwenye sanduku la posta la kampuni. Kila wiki Caren alirudi na rundo kutoka kazini kwake: benki zinazokubembeleza uchukue kadi, madalali wanaokuuzia nyumba ambayo haijajengwa, zote kwa majina ya watu waliokwisha kuhama. Caren alikuwa akizitupa. Phyllis ndiye aliyemzuia. Siku ya tatu tangu Rispah aingie, alikuta chini ya mto kipakiti cheupe cha bahasha iliyogeuzwa, kimebandikwa kwa ustadi, ndani kuna masala ya chai. Juu kimeandikwa kwa kalamu: "Karibu mwenzangu. Chai ya huku haina ladha, tia hii. P."

Rispah alicheka peke yake. Tangu ashuke kwenye ndege, hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza.

Kazi yenyewe aliijua upesi. Unaibandua bahasha polepole pale penye gundi, unaigeuza ya ndani iwe nje, unaibandika upya kwa uji mzito wa unga wa ngano. Makelele ya benki yanabaki ndani, weupe unakuwa nje. Hapo umepata pakiti ya chumvi, ya pilipili, ya vifungo vya shati. Ukikata pembe moja una mrija wa kumiminia mafuta kwenye chupa ndogo. Pembe nyingine unaivisha ukurasa wa Biblia ili usipoteze uliposomea. Zile za karatasi ngumu Phyllis alizikunja akazitia chini ya mguu wa kitanda uliokuwa ukicheza. Wako watakaosema huo ni ubahili. Waseme! Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Wakawa na utaratibu wao. Bahasha iliyogeuzwa ndiyo iliyoandikwa maneno. Zile mbichi, bado zina nembo ya benki, Phyllis aliziacha ziwe zamu ya Rispah kugeuza. "Umelalaje leo? Godoro lina shimo," aliandika Phyllis. "Ni shimo lako, mimi nimelikuta," akajibu Rispah. Namba ya simu je? Mwanzoni Rispah aliona haya, utamwombaje namba mtu ambaye hujamwamkia? Baadaye ikawa mzaha kati yao: "Tutaonana siku ya ofu." Ofu yenyewe, siku ya mapumziko, wakawa wanaisikia tu, maana kote kuwili watu walikuwa hawatoshi.

Na wewe usidhani Rispah alikuwa na rafiki mwingine. Kutwa nzima amesimama, watu maelfu wanampita, na swali ni lile lile: choo kiko wapi? Jioni anakuta chumba kimelala. Ugali wake anaula peke yake gizani. Katika Dubai yote, na minara yake, alitaka kitu kimoja tu: amwone yule mwanamke uso kwa uso.

Ikafika Desemba. Jioni moja, baada ya siku ya sikukuu iliyojaza watu dukani, Rispah alirudi miguu imevimba. Chini ya mto palikuwa na bahasha moja tu, mbichi, na nembo ya benki. Hakuna pakiti, hakuna salamu. Taa ilikuwa imezimwa kwa ajili ya mpangaji wa kitanda cha juu, anayeamka mapema. Lakini mikono yake haikuhitaji taa. Aliibandua, akaigeuza, akaibandika, akaiweka dirishani ikauke.

Asubuhi palikuwa na baridi. Rispah alifunga zipu ya sweta mpaka shingoni, akashuka mbio kwa kuwa amechelewa. Mlangoni mwa basi la kazini alisimama mwanamke mwenye leso ya kijani kichwani, sanduku kando yake, anawainamia askari wa kike vifuani mmoja mmoja wanapopanda. Rispah alikuwa wa mwisho. Yule mwanamke akamzibia njia, akamwinamia kwenye sweta, akafungua kinywa. Dereva akapiga honi. "Yalla, yalla!"

Ebo! Huyu naye ametoka wapi, na kifuani kwangu anatafuta nini? Rispah akamsonya, ule msonyo mrefu wa kwao Oyugis, akampita kwa bega, akapanda. Mlango ukafungwa.

Jioni Caren akampa habari. "Phyllis ameenda. Mkataba umeisha, visa imefutwa, khalas."

"Ameenda wapi?"

"Nyumbani, wapi tena? Namba yake ilikuwa ya kampuni, amerudisha pamoja na sare."

Rispah aliinua mto. Akainua godoro. Hakuna kitu. Miezi sita kitanda kimoja, na mtu anaondoka bila hata kwaheri! Asante ya punda ni mateke, alijiambia, na usiku ule akalia mpaka mto ukalowa. Kesho yake aliijaza chumvi ile bahasha ya dirishani, kwa hasira, kama vile chumvi imemkosea. Akaja Loise kushika nafasi ya Phyllis, msichana wa vikopo vya plastiki, bahasha zote pipani. Rispah hakumwandikia neno. Yamenitosha, alisema.

Wiki tatu baadaye chumvi ikaisha. Karatasi ilikuwa imelika kwa unyevu, lakini Rispah hakuzoea kutupa. Aliifungua pale jikoni aikung'ute, aigeuze tena. Upande wa nembo ya benki, kuzunguka dirisha la anwani, palikuwa na mwandiko anaoujua, wino umetanuka kwa chumvi lakini unasomeka:

"Rispah wangu, mkataba umeisha, wameniambia leo. Karatasi nyeupe zimeniishia na gari linanisubiri, samahani. Kesho alfajiri nikitoka kazini wananipeleka moja kwa moja uwanja wa ndege. Nimemwomba dereva anipitishe hapo. Kadi ya mlango nimemrudishia Caren, sitaweza kupanda. Nitasimama penye basi lenu, nimevaa leso ya kijani. Sura yako siijui ila nitasoma jina kwenye beji. Niambie neno moja tu, niende nikiijua sauti yako. P."

Rispah alikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya jikoni, punje za chumvi zimemganda vidoleni. Aliisoma mara ya pili. Neno moja tu, ndilo aliloombwa. Naye alikuwa amempa msonyo. Mtu pekee aliyempenda katika nchi hii alibeba sauti hiyo mpaka kwenye ndege, na kwa kuwa beji ilikuwa chini ya sweta, pengine hata hakujua ni ya nani. Rispah aliomba Mungu, Phyllis awe hakujua. Kisha akatamani awe alijua, na hapo ndipo alipolia kwa sauti.

Asubuhi alivaa sweta, akabandika beji juu yake. Mwenzake kwenye basi akamuuliza kama bosi ametoa amri mpya.

"Hapana," alisema Rispah. "Nimependa tu ionekane."