Siku ya Kumi na Tisa

"Rudi nyuma," aliniambia. "Baada ya 'mimi' weka nukta. Sentensi iishie hapo."

Nikaweka nukta. Sentensi ilisema: Aliyemtaja baba yako ni mimi.

Mzee Armand Lecoutre alikuwa na miaka themanini na sita. Alikaa kando ya dirisha, nyumbani kwake katika mji wa Columbia, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mwezi Februari. Mimi nilikuwa mhudumu wake wa mchana: nilimwogesha, nilimlisha, nilimpa dawa. Siku hiyo nilimwandikia.

Maisha yake niliyajua kutoka ukutani, ambako bintiye, Cheryl, alikuwa ametundika picha na kurasa za magazeti. Mtoto wa mfamasia wa Nantes. Alipofika miaka ishirini na mitano alikuwa ameshashtakiwa mara mbili mjini Paris kwa kuandika kwamba serikali inayoogopa kuchekwa haistahili kutiiwa. Wa mrengo wa kushoto walimwita kibaraka wa matajiri, wa kulia wakamwita msaliti. Yeye akaendelea kutetea haki yao ya kumtukana. Kisha akaenda Afrika Magharibi, akaanzisha gazeti dogo pamoja na mpiga chapa aitwaye Gervas. Wanajeshi wakapindua serikali, wakalifungia gazeti. Likaendelea kutoka kwa siri. Wakamkamata Armand, wakataka kujua nani analichapa.

Alitoka baada ya miezi miwili, amekonda, akapokelewa Paris kama shujaa aliyekataa kusema. Gervas alifia gerezani. Mjini kwao ilisemekana kwamba yeye ndiye aliyemuuza Mfaransa.

"Siku ya kumi na tisa nilitia saini," Mzee aliniambia, kwa sauti ileile aliyoombea chai. Siku hiyo hawakumpiga. Walimletea kahawa.

Barua ilikuwa ya kwenda kwa Euphrasia, binti wa Gervas, mwalimu wa chuo huko Toronto. Tuliiandika kwa Kiingereza, maana Kifaransa sikijui. Nilimuuliza kwa nini asimwombe Cheryl. Akasema Cheryl anampenda mno.

Jioni, wakati navaa koti, Cheryl akaikuta rasimu mezani. Hakupaza sauti. Alinieleza kwamba baba yake amechanganyikiwa tangu kiharusi, kwamba kitabu cha kumbukumbu zake kinatoka mwaka huo, na kwamba mimi ni mtu mwema, nitaelewa. Akataka barua yenyewe, iliyokuwa tayari mkobani mwangu. Nikamwambia nitamjibu kesho. Mtu aliyechanganyikiwa hajali nukta inakaa wapi, ila hilo sikulisema.

Asubuhi nilipita posta ya Laurel nikaituma, anwani ya mtumaji nikaandika ya kwangu. Halafu nikaendesha mpaka Columbia nikamwambia Cheryl.

Alisimama mlangoni akinizuia njia.

"Bupe, hukuwa na haki."

"Barua ilikuwa ya Mzee," nilisema.

Hakuniruhusu kumuaga Mzee. Kupitia mlango niliona kisogo chake dirishani. Kabla ya saa sita mchana wakala aliyeniajiri alikuwa amempa mwingine zamu yangu.

Wiki ya tano, Queen, Mtanzania mwenzangu aliyenirithi kazi hiyo, alinipigia simu.

"Dada, yule mzee wako amefariki."

Akauliza kama niko sawa. Nilikuwa nakatakata kabichi. Nikamwambia niko sawa, nikaimaliza kabichi. Nilingoja machozi kama mtu anayengoja lifti, kisha nikaacha kungoja. Kwenye ibada ya mazishi nilikaa nyuma. Walimsifu kwa kukataa kusema. Sikuona uchungu wala hasira. Niliona tu kwamba koti langu limepungukiwa kifungo kimoja.

Oktoba ikaja bahasha kutoka Toronto. Niliifungua ndani ya gari, Beltsville, nje ya jengo la mteja wangu mpya, Bi Abigail. Ilikuwa na mistari mitatu.

"Nimeipokea. Nimewasomea kaka zangu. Mama alifariki mwaka juzi. Kwa miaka arobaini na saba hakuwahi kulitamka jina la baba."

Niliisoma mara mbili, nikaikunja. Hapakuwa na wa kumpelekea.

Ilipofika saa tatu nikapanda juu, nikafungulia maji ya bafu, nikamvua Bi Abigail soksi. Akashtuka kidogo, akavuta mguu.

"Mikono yako ni baridi sana," alisema.

Nikamwomba radhi. Nikaiweka chini ya bomba la maji ya moto, nikasubiri.