Jeannine wa Kwenye Kompyuta

Mume wangu Amedeus ana duka la kuchapisha na kutoa kopi hapa Makanyagio. Mimi nauza mchele kibarazani, mlango huo huo. Wateja wanamtumia kazi zao kwenye imeli ya duka, naye anazichapa. Watu husema tunapendeza kukaa pamoja. Mimi nakaa pale ili nimwone.

Nina wivu, sifichi. Mwanamke akija kutoa kopi ya cheti halafu kicheko kikazidi, naingia ndani kuulizia chenji ambayo siihitaji.

Jumatatu Amedeus alienda kununua wino, akaniachia kompyuta. Nilikuwa namtafutia mwalimu mmoja barua yake ya uhamisho nilipoona, juu kabisa, jina la Jeannine. "Nimekukumbuka mpenzi. Mbona kimya?"

Nikawapitia kichwani kina Jeannine wote ninaowajua, kuanzia Kakese mpaka Mwese. Nikavuta mausi kwenda chini huku nimeibonyeza, nikitafuta namba ya simu, na pale palipokuwa patupu pakageuka bluu, maneno yakajitokeza. Yalikuwa meupe juu ya weupe: mvua, bustani, mama, chakula cha jioni, nyumba yetu. Nyumba yetu! Kumbe wamefika huko, wanaandikiana kwa kujificha.

Amedeus aliporudi sikumsubiri hata aweke wino chini.

"Baba Kasimiri, huyu Jeannine ni nani?"

Mwalimu akajifanya anasoma tangazo ukutani. Amedeus akatazama kioo cha kompyuta, akacheka mpaka akakaa.

"Mama Kasimiri, huyo si mtu. Ni matapeli hao. Ona hapa, 'm.a.p.e.n.z.i', wameweka nukta katikati. Hapa kwenye 'upendo', o ni sifuri. Imeli ina chujio lake. Likikuta maneno ya kitapeli, linaitupa barua kwenye taka. Sasa wao wanayavunjavunja ili lisiyatambue."

"Na haya meupe?"

"Ya kulizuga. Mtu hayaoni, ila chujio linayasoma, linadhani ni barua ya watu wa nyumbani."

Nilielewa haraka. Hata kwenye mchele, kijiwe kinachovunja jino ni kile cheupe.

"Kwa hiyo chujio limedanganywa?"

"Limedanganywa, mke wangu. Imepita yenyewe."

Niliona aibu, hasa mbele ya mwalimu. Jioni nikamchinjia Amedeus kuku, naye akala akinitania kwamba mke mwenza wangu anakaa kwenye waya. Nililala mwepesi.

Alhamisi, Amedeus akiwa amekwenda kula, dada mmoja alikuja kuulizia kazi yake aliyoituma tangu asubuhi. Sikuiona, nikaenda kuitafuta kwenye taka. Nikamkuta Jeannine humo, barua mpya, na moyo mwekundu pembeni ya jina. Safari hii chujio lilikuwa limemkamata na nukta zake zote. Nikacheka peke yangu. Nikampa dada kazi yake, nikatoka kumpimia mtu mchele.

Amedeus akarudi, akakaa kwenye kompyuta. Nikiwa bado na kopo mkononi nilimwona akitabasamu. Nikaingia, naye akainuka upesi kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Nikatazama kioo. Kwenye taka hakukuwa na kitu. Jeannine alikuwa juu kabisa, kwenye barua nzuri, ameshafunguliwa.

"Baba Kasimiri, chujio lilikuwa limemkamata. Nani kamtoa?"

"Nilikuwa natafuta kazi za wateja."

"Jeannine naye kaleta kazi?"

Akazigongagonga karatasi zile zile mezani. Halafu akasema polepole, "Si unajua hayupo?"

"Najua. We mwenyewe ndo ulinifundisha."

Angekuwepo ningekodi bodaboda mpaka Kakese, nikamwita nje, tukaoneshana mbele ya majirani zake. Wivu ungepata pa kwenda. Nikarudi kibarazani kwenye mchele wangu, na nyuma yangu nikasikia Amedeus akivuta kiti, akikaa tena.